Kofi la Tatu

Shangazi yangu ana miaka 68, na goti lake la kushoto linamsumbua tangu mvua za mwaka juzi. Nilipomwambia kuna kundi la wanawake linakwenda Misri, mchana kutazama mahekalu ya kale, jioni kujifunza ngoma za huko, alinyamaza muda mrefu akichagua mchele. Kisha akauliza swali moja: "Hizo nyumba za masanamu, ndimo mtakamochezea?"

Nikamwambia sijui. Akasema nikaulize.

Nikauliza. Dada aliyepanga safari, mzaliwa wa Unguja anayeishi Muscat, akanijibu kwamba hekaluni ni kutazama tu. Ngoma ni vijijini na juu ya paa la hoteli. Shangazi aliposikia hivyo akaenda kabatini akatoa pasipoti. Alikuwa ameihifadhi ndani ya kitambaa cheupe tangu aliporudi Hija, mwaka ule ule aliouaga mchezo wa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani. Wazee wa Lamu wanamkumbuka mbele ya safu, mabega yametulia, vijiti vinagongana mkononi. Mimi sikuwahi kumwona.

"Nakwenda kutazama," akaniambia. "Kucheza nilishaacha."

Tulikuwa kumi na wanne: sisi wa Lamu na Mombasa, watano wa Dar es Salaam, mama na binti yake wanaoishi Leicester, na waliobaki ni wa Muscat. Ya Cairo sitayaandika. Piramidi kila mtu ameshaziona pichani, nasi tulikuwa na siku moja tu kabla ya ndege ya Luxor.

Darasa la kwanza lilikuwa juu ya paa, upande wa mashariki wa Luxor, jua linazama nyuma ya milima ya ng'ambo na Nile imegeuka rangi ya shaba. Mwalimu wetu, mwanamke wa Cairo aliyekwisha kuwa na wajukuu, alitugawia kila mmoja fimbo. Nilipoipokea nilicheka kwa furaha, maana ilikuwa bakora kabisa, na mpini wake umepindwa kama ile aliyokuwa akitembelea babu yangu. Wao wanaiita asaya. Mdundo wake ni wa Saidi, yaani wa watu wa Misri ya kusini, na mwalimu alitufundisha kwa mdomo kabla ya miguu: dum-tak, dum-dum tak. Hizo dum mbili za katikati ndizo zinazobeba mwili. Ukizikosa, fimbo inazunguka hewani bila sababu.

Alikuwa mkweli, na kwa hilo nilimpenda. Alituambia kwamba alichokuwa akitufundisha kimepita jukwaani. Mwaka 1959 Mahmoud Reda alianzisha kundi lake la ngoma mjini Cairo, akazunguka mikoa akitazama watu wanavyocheza harusini na mashambani, kisha akarudi kuyapanga upya kwa ajili ya ukumbi wa maonyesho: mistari iliyonyooka, hatua zilizosafishwa, mavazi yanayong'aa. Farida Fahmy alikuwa nyota wa kundi hilo. Wamisri wengi leo wakikwambia "ngoma yetu ya asili" picha waliyo nayo kichwani ni ile ya Reda. Mwalimu hakuona aibu nayo, na sioni kwa nini aione. Kabla ya hapo mchezaji wa kike alikuwa akitazamwa kwa jicho baya. Mwaka 1834 Muhammad Ali aliwafukuza Cairo wachezaji wanaoitwa ghawazi, wakasukumwa huku kusini, Esna, Qena na Aswan. Mtu aliyewezesha binti wa familia kusimama jukwaani akipigiwa makofi alifanya kazi kubwa. Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akitafsiriwa, alitikisa kichwa polepole. Anajua wanawake wa lelemama walivyosemwa.

Usiku huo huo tukaenda Hekalu la Luxor, ambalo hufunguliwa hadi usiku. Mnara mmoja wa jiwe umesimama langoni peke yake, mwenziwe yuko Paris tangu karne ya 19. Ukipita ua wa Ramses wa Pili unaingia ujia wa nguzo 14 uliojengwa na Amenhotep wa Tatu, na kwenye kuta zake, zilizochongwa enzi za Tutankhamun, kuna sherehe nzima. Ni sikukuu ya Opet: miungu watatu wa Karnak, Amun, Mut na mwana wao Khonsu, wanabebwa ndani ya mashua mabegani mwa makuhani mpaka hapa Luxor, kisha wanarudishwa. Barabara ya sphinx inayounganisha mahekalu hayo mawili, karibu kilomita 2.7, ilifunguliwa tena Novemba 2021, na tuliitembea sehemu.

Nilisimama mbele ya wanawake waliochongwa wamejipinda kinyumenyume mpaka mikono inagusa ardhi, nywele zimemwagika chini. Karibu nao kuna mpiga ngoma, na watu wanaopiga makofi, viganja vimeachana kidogo. Nilikaa na vile viganja. Mchongaji aliwakuta kati ya kofi na kofi, na hapo ndipo walipobaki kwa miaka zaidi ya 3,300.

Kiongozi wa hekaluni akatuambia ngoma mnazojifunza ni hizi hizi, hazijabadilika tangu Mafirauni. Najua wageni hupenda kusikia hivyo, na labda hata sisi tulipenda. Lakini si kweli, na nadhani ni kuwakosea heshima wa kale na wa leo kwa pamoja. Kati ya ukuta ule na paa la hoteli yetu umepita Ukristo, umepita Uislamu, lugha imebadilika, ala zimebadilika, watu wamehama na kuhamia. Ukuta unaonyesha mgongo ulivyopindwa. Hauonyeshi kilichopigwa. Hakuna ajuaye yale makofi yalikuwa matatu au manne, ya haraka au ya kunyata.

Tukiwa bado pale, adhana ya isha ikatoka ndani ya hekalu. Msikiti wa Abu Haggag umejengwa juu ya magofu ya ua wa kwanza, wakati hekalu lilipokuwa limefukiwa na mchanga na nyumba za watu. Baada ya kuchimbwa, mlango wake mmoja wa zamani umebaki ukining'inia juu hewani. Watu wa Luxor wakatusimulia kwamba kila mwaka katikati ya Shaabani wanafanya maulidi ya huyo walii wao, na katika maandamano hukokotwa mashua mitaani. Mashua! Shangazi aliposikia akanishika mkono. "Zefe," akasema, maana ndivyo Lamu tunavyoyaita maandamano ya maulidi. Kwa Kiarabu cha kule, msafara wa harusi ni zaffa. Huko mashua za Opet na mashua za Abu Haggag zimerithiana wapi na wapi, wataalamu wanajadiliana. Mimi ninachojua ni kwamba mtoto wa Lamu akielezwa maulidi yenye msafara, ngoma na watu barabarani hahitaji mkalimani.

Siku iliyofuata ilituudhi. Wakala aliyetupokea Luxor alikuwa ameahidi darasa la tahtib kijijini, kumbe akatupeleka kwenye mgahawa kutazama onyesho la nusu saa la watalii, na malipo ya kijijini akataka yabaki vile vile. Dada yetu wa Muscat alizungumza naye kwa Kiarabu chenye adabu na makali kwa muda wa chai mbili, na kesho yake asubuhi tukavuka mto.

Tahtib ni mchezo wa fimbo wa wanaume wa Saidi, na ule wa wanawake tuliofundishwa paani umetokana nao. UNESCO iliuandikisha katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016. Mzee aliyetufundisha alikuwa mkulima wa miwa, kanzu yake ya galabia imefifia mabegani, fimbo yake nene na ndefu kuliko zetu mara moja na nusu. Wapigaji walikuwa watatu: wawili wa mizmar, ambayo ni nzumari yetu mlio na jina, na mmoja wa ngoma kubwa iliyoning'inia shingoni.

Tulidhani tutaanza kwa kupiga. Hatukupiga kitu kwa karibu saa nzima. Alitufundisha kuingia uwanjani. Unaingia polepole, fimbo chini, unamwamkia mwenzio, unaamkia watazamaji, unazunguka ukimwangalia bila kumkodolea. Fimbo inapanda juu ya kichwa na kuzunguka mara moja, mara ya pili, na mwili unayumba kidogo kama mtu anayesikiliza. Pigo linatafuta kichwa cha mwenzio, lakini linazuiwa kabla halijafika, na anayejua sana ndiye anayegusa kidogo sana. Binti wa Leicester alimgonga mwenzake kidole, mzee akasimamisha muziki, akamchukua yule aliyegonga, si aliyegongwa, akamkalisha kivulini atazame.

Hapo nikamkumbuka mjomba wangu katika kirumbizi, uwanjani mbele ya msikiti siku ya maulidi, nzumari inalia, wanaume wawili wanaingia na fimbo kwa mwendo wa kuringa huku wamekunja uso. Nilimwonyesha mzee video ya kirumbizi kwenye simu. Aliitazama mara tatu. Hakusema "imetoka kwetu", wala hakusema "tumefanana". Alisema yule wa kulia anashusha kiwiko mapema.

Alasiri tukaenda Medinet Habu, hekalu la Ramses wa Tatu. Katika ua wa kwanza, chini ya dirisha alikokuwa akitokea Firauni, pamechongwa safu ya wapiganaji wa mieleka na wa fimbo, wakicheza mbele ya wakuu na wageni wa nchi nyingine. Wa fimbo wamejifunga kinga kwenye mkono usio na silaha. Asubuhi ile ile ningepita nikasema "watu wanapigana". Sasa niliona vifundo vya mikono. Niliona mmoja fimbo yake iko pale hasa mzee alipotuambia isimame, na bega la nyuma limelegea. Wenzangu wote kumi na watatu walikuwa wamenyanyua mkono mmoja bila kuambiana, wakipima.

Dendera iko kaskazini ya Luxor, kilomita kama 60, karibu na Qena. Ndiyo nyumba ya Hathor, mungu wa kike wa muziki, ngoma na furaha, mwenye masikio ya ng'ombe. Hekalu linaloonekana sasa lilianza kujengwa mwaka 54 kabla ya Kristo, zama za mwisho za wafalme wa ukoo wa Ptolemi. Ukumbi wa mbele una nguzo 24, kila moja imevikwa uso wake pande nne, na vichwa vya nguzo vimefanywa mfano wa ala yake, kama kayamba la chuma lenye mpini, ambalo makuhani wa kike walikuwa wakilitikisa. Nyuso nyingi zimechongolewa na watu wa dini iliyokuja baadaye. Dari, baada ya kusafishwa masizi ya karne nyingi, imerudi kuwa ya buluu, buluu ya bahari ya Manda saa nne asubuhi. Kati ya nyimbo zilizoandikwa kwenye kuta hizo kuna unaosema kwamba Firauni mwenyewe amekuja kucheza na kuimba mbele ya Bibi huyo.

Kuna ngazi mbili za kupandia juu. Ya magharibi inazunguka, giza, na vidato vyake vimelika kama nta. Ukutani, bega kwa bega nawe, makuhani wanapanda pia. Wamebeba sanduku la mungu wao kulipeleka paani likutane na jua la mwaka mpya. Ngazi ya mashariki imenyooka, na humo wanashuka. Shangazi alipanda kwa kushika ukuta, kidato kwa kidato, akipumzika kwa ajili ya goti. Kila aliposimama, kulikuwa na kuhani aliyesimama kando yake mguu mmoja mbele. Kule juu akaniambia, "Hawa walikuwa na utaratibu wao," na ndilo neno pekee alilolisema juu ya masanamu kwa safari nzima.

Ukumbini, mmoja wetu wa Dar aliweka simu chini ya nguzo akaanza kujirekodi akizungusha mikono. Mlinzi akamzuia kwa upole. Wengine walinung'unika, wakisema Hathor ni wa ngoma, tuzuiwe kwa nini? Mimi nilikuwa upande wa mlinzi. Pale tulikwenda kusoma, na kucheza tulikuwa na mahali petu.

Kutoka Luxor hadi Aswan tulikwenda kwa basi, tukasimama Kom Ombo kwa hekalu lake la pacha juu ya mto. Lakini Kom Ombo kuna kitu kingine kilichonikaa zaidi. Karibu na hapo ndiko Nasr al-Nuba, walikohamishiwa Wanubi wa Misri, watu wapatao 50,000, mwaka 1963 na 1964, kabla bwawa kubwa la Aswan halijazamisha vijiji vyao. (Msomaji wa Kenya asichanganye. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari walioletwa kutoka Sudan, na Kinubi chao kimezaliwa na Kiarabu. Hawa wa Aswan wana lugha zao za kale za Nile.)

Mahekalu ya Nubia yaliokolewa. UNESCO iliita dunia mwaka 1960 na dunia ikaitika. Abu Simbel ilikatwa vipande zaidi ya 1,000, ikainuliwa mita 65 juu na kujengwa tena kwa uangalifu wa kushangaza. Philae ilihamishwa kutoka kisiwa chake, jiwe kwa jiwe, mpaka kisiwa cha Agilkia. Nimezitembelea zote mbili na nashukuru zipo. Ndani ya hekalu dogo la Hathor pale Philae kuna Bes, kibeti mwenye ndevu, anapiga tari kwa furaha isiyo na kifani, na nyani anapiga kinanda cha nyuzi. Nilisimama mbele ya ile tari nikiwaza juu ya mashine, wahandisi na mamilioni ya dola zilizotumika ili ifike hapo kavu. Watu wenye tari za ngozi walipandishwa mashua, treni na mabasi, wakapelekwa kwenye nyumba za saruji mbali na mto.

Darasa la mwisho lilikuwa Gharb Soheil, kijiji cha Wanubi ng'ambo ya Aswan, kuta za samawati na manjano. Wenyeji wa hapo walihama mapema zaidi, kwa bwawa la kwanza la 1902. Lakini mama aliyetufundisha aliolewa hapo akitokea Nasr al-Nuba, na alizaliwa kusini zaidi, karibu na Abu Simbel. Alibebwa mgongoni akihamishwa. Alituambia mwaka wa kwanza kule walizika watoto wengi, na kaka yake alikuwa mmoja wao. Alisema hivyo akiwa anapasha ngozi ya tari juu ya makaa, anaigonga kwa kidole, anairudisha, mpaka mlio ukakaza.

Kwao inaitwa tar. Shangazi aliuliza tena, aitajiwe vizuri. Tar. Akaicheka kama mtu aliyekutana na jirani mji wa mbali. Taarab yetu nayo iliwahi kupita njia ya Misri, Sultani Barghash wa Zanzibar alipomtuma Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi, na majina haya ya ala tunayo vinywani siku zote bila kuyafikiri.

Ngoma yenyewe wanaiita aragid. Mnasimama safu, mmeshikana mikono, bega limegusa bega. Hatua ni ndogo. Mguu hauinuliwi, unaburuzwa mchangani, mbele kidogo, nyuma kidogo, na magoti yanapumua. Mama alikuwa amevaa jarjar, gauni jeusi jepesi linaloburura nyuma, na akatuonyesha mkia wake unavyofuta nyayo. Juu ya hatua hiyo ndogo ndipo makofi yanapopishana, safu moja inapiga, nyingine inajibu katikati. Tulishindwa. Vijana wa fimbo, waliokwisha jiona mabingwa, walishindwa kabisa. Kofi la kwanza na la pili tuliyapata. La tatu linakuja likiwa limechelewa kidogo, si sana, na kila mmoja wetu alikuwa akilipiga mahali ambapo sikio lake lilitaka liwe.

Mama hakuhesabu. Nilimwomba ahesabu, nikamwambia kwa mkalimani kwamba nikipata namba nitapata kofi. Akasema haina namba, ina wimbo. Akaimba taratibu. Wimbo ulikuwa unataja vijiji, kimoja baada ya kingine, kwa kufuata mto, na kofi la tatu lilikuwa linangoja jina liishe.

Shangazi akasimama. Hakuna aliyemwita. Alivua viatu, akaviweka kando vizuri, akaingia safuni kati ya mama na binti wa Leicester, akashika mikono yao. Hatua haikulisumbua goti lake. Mabega yametulia, kama walivyonisimulia wazee. Kwenye duru ya tatu au ya nne akaachia mikono, akapiga makofi, na la tatu likaangukia pale pale lilipoangukia la mama. Mama akapiga kigelegele, nasi tukamjibu kwa cha kwetu, na mbwa wa kijiji kizima wakaanza kubweka.

Usiku, hotelini, nilimuuliza alijuaje. Alikuwa anapaka goti mafuta ya nazi. "Nilikuwa nasikiliza majina," akasema.

Tumerudi miezi minne sasa. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi ya mtoto wa binamu yangu, na katika ukumbi wa wanawake, baada ya vugo, ngoma yetu ya harusi, Shangazi alipanga safu ya watu tisa akawafundisha ile hatua. Nilirekodi nikamtumia mama wa Gharb Soheil kwa simu. Hakuandika kitu. Kesho yake alituma ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja, hauna salamu wala neno, makofi tu, amerudia mara tano. Shangazi alinipokonya simu akaisikiliza ameiegemeza sikioni. Kisha akasema wale tisa waitwe Ijumaa, waje baada ya alasiri, kuna wanaowahi.